Salamu za Karani wa Posho
Karani anayepima vilema wanaoomba posho pale Kindu hushika kalamu kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya kwa mkia. Mimi nauza chumvi mbele ya mlango wake, kwa hiyo namjua kuliko mkewe. Kila asubuhi hupangusa kiti cha bwana wake Mbelgiji, hata Mbelgiji akiwa safarini, kisha hukohoa Kifaransa. Kipimo chake ni kimoja tu: hukunyooshea mkono wa kuume msalimiane. Ukiupokea, wewe ni mzima, nenda kazini. Ukimpa wa kushoto, umemtukana, nenda ukajifunze adabu.

Juzi aliingia Bulaimu, ambaye behewa la reli lilimponda mkono wa kuume. Bila ile posho ya vilema, nyumbani kwake hakupikwi. Akatoa wa kushoto. Karani akaruka: “We mutu! Unanipa mukono wa chooni, hapa kwa Bula Matari, kwa serikali?” Halima, mke wa Bulaimu aliyekuja naye, akauinua ule mkono uliokufa, akamwekea karani kiganjani kama anayemuuzia samaki. “Njo huu wa kuume, bwana karani. Utikise mwenyewe, uone kama iko na uzima.” Karani akautikisa polepole, kwa heshima zote, uso ukamchangamka. “Si unaona, mama? Mukono iko! Bwana yako alikuwa na kiburi tu.” Akagonga muhuri wa kukataa. Bulaimu akarudi mtaani kwake Mikelenge bila posho, ila ofisi nzima ilimsifu kwa adabu.