Filamu Niliyoisikia Nyuma ya Turubai

Wapenzi wa filamu za zamani tukikutana huulizana ni ipi iliyowashika kwanza. Mimi hapo huwa nababaika kidogo, maana ninayoipenda kuliko zote niliisikia mara nyingi kabla sijaiona. Nilikuwa nauza wali na maharage kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, na kibanda changu kiliegemea banda la video. Kati yetu palikuwa na turubai tu. Wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yale mashimo yao, waliingia ndani wakaona picha. Mimi huku nje, nikichambua mchele, nilipata sauti.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mfasiri. Alishika kipaza sauti akayageuza maneno ya Wahindi, Wachina na Wazungu kuwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma, kila r ikigeuka l. Nina hakika lugha hizo hakujua hata moja. Lakini kipaji alikuwa nacho, na hakuruhusu hata pumzi moja ipite bila neno.

Kulikuwa na filamu moja ambayo wateja waliinung'unikia, kwa kuwa haikuwa na ngumi wala rangi. Ilionyeshwa saa kumi alasiri, kabla ya zile walizozitaka, na kwenye ubao wa nje iliandikwa kwa chaki "Mke wa Stesheni". Jina lake halisi silijui hadi leo. Mume anakwenda mbali kutafuta kazi, haandiki barua, mke anabaki nyumbani na mama mkwe anayekohoa, na mwishoni mume anarudi.

Mimi nami nilikuwa na wangu. Aliposikia dhahabu imetoka Rwamgasa aliniaga kwa wiki mbili, akakaa miezi minane, na habari zilizonifikia zilikuwa za mwanamke mwingine. Kisha akarudi, amekonda, akaniomba msamaha mbele ya masufuria yangu. Nikaendelea kukoroga maharage. Moyoni nilikwisha kuamua kwamba kesho yake asubuhi narudi kwa mama yangu Shinyanga, na wachimbaji watafute pengine pa kula.

Alasiri hiyo wakaiweka ile filamu. Nilikuwa naosha vyombo, nimekasirika hata na sahani. Kengele ya stesheni ikalia mara tatu, na mfasiri akasema kwa sauti ya mume, "Nimeludi, mke wangu. Sina cha kujitetea." Kisha akaibana sauti iwe ya mke: "Nimekusubili mpaka nimechoka. Basi kaa, ule."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia siku nyingine nikaendelea na kazi zangu. Siku hiyo yalinishinda. Nililia pale pale, mikono imejaa povu, na jioni nikampakulia mume wangu nikamwambia, kaa, ule. Akakaa. Miaka mingi baadaye nilimsimulia maneno yale nilikoyatoa, tukacheka sana.

Mwaka jana, tukiwa tumeshahamia Ibadakuli, nje kidogo ya Shinyanga, nilikwenda mjini kwa dada mmoja anayeingiza muvi kwenye flashi karibu na stendi. Nikamwambia nataka za zamani, zile zisizo na rangi. Alinitazama kama niliyemwagiza redio ya mbao, akasema hizo hakuna anayeziulizia, akanijazia flashi nzima. Jumapili baada ya ibada tukakaa kuzitazama, mimi na mzee wangu. Ya tatu ilipoanza sikuitambua, kwani yule mwanamke sikuwahi kumwona. Halafu mama mkwe akakohoa. Kikohozi kile ningekitambua hata usingizini.

Niseme kweli, ni filamu nzuri kuliko niliyoijua. Kumbe hawasemi sana. Kuna mahali mwanamke anamenya viazi peke yake, na kamera inamwacha amenye mpaka cha mwisho. Hapo mfasiri wetu alikuwa anatupigia hotuba nzima juu ya tabia za wanaume. Uso wa yule mwanamke hauhitaji hotuba. Walioitengeneza filamu hiyo walituamini sisi watazamaji, na labda ndiyo maana wamesahaulika.

Tukafika stesheni. Kengele mara tatu. Mume anashuka, anasema maneno mawili matatu kwa lugha yao. Mwanamke anamtazama kwa muda mrefu. Kisha anampita, anapanda treni ile ile aliyokuja nayo mumewe, na mlango unafungwa. Hakuna cha kaa wala cha ule.

Kwanza nilicheka kwa hasira, kwamba ndoa yangu yote imejengwa juu ya uongo wa mtu mwenye kipaza sauti. Halafu nikamwonea wivu yule mwanamke, wivu hasa, na nikaona aibu, kwa kuwa mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, na ni mtu mwema, na nampenda.

Yeye hakucheka. Aliuliza taratibu, "Mama watoto, ungeiona hivi siku ile, ungeondoka?"

Ningeweza kumdanganya, na angeridhika.

"Ningeondoka," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, pale yule mwanamume anapobaki amesimama. Alisema hakumwona vizuri. Nikamrudishia. Alimtazama mpaka mwisho, mkono wake juu ya goti langu.