Sajini Aenda Bondeni

Kinyesi cha tembo kikikauka vizuri huungua polepole, na moshi wake una harufu ya majani makavu na ya kitu kitamu kidogo kilichoungulia chunguni. Nyumbani kwetu Kiberege, miaka ya hamsini, baba alikiokota porini, akakianika, na kukichoma mlangoni mwa banda tangu alfajiri hadi jua lizame. Ndani ya banda hilo aliishi farasi, na bonde la Kilombero halikuwa nchi ya farasi. Mbung'o, wale nzi wanaong'ata mchana, wangemmaliza mara moja. Moshi ndio uliomweka hai.

Aliitwa Sajini. Mzungu mmoja mwenye shamba la pamba, ambaye baba alikuwa mtunza farasi wake, alipoondoka nchini alimwachia baba kwa kuwa hakuna mwingine aliyemtaka. Farasi alikuwa mzee, meno yamelegea, na jicho la kushoto limeingia ukungu. Mama alisema ni chongo. Baba alisema jicho limechoka tu. Ndiyo maana wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Baba hakumpanda hata siku moja. Alimlowekea pumba ili asipate shida ya kutafuna, akamsugua mgongo kwa gunzi la mahindi, na huku akimsugua alimsimulia habari za siku kwa sauti ya chini, habari ambazo sisi wa ndani hatukuambiwa. Vijana waliopita njiani walimwamkia farasi shikamoo, wakicheka. Baba aliwaitikia marahaba kwa niaba yake, naye hakucheka.

Mvua zikianza, Kiberege ilihama. Kila familia ilibeba vyungu, mikeka na kuku, ikaenda kuishi bondeni kwenye mashamba ya mpunga, katika vibanda vya nyasi, hadi mavuno. Mpunga hauachwi peke yake. Ndege huula mchana, na nguruwe pori wanakuja giza likiingia. Mwaka ule mama alikwenda na wadogo zangu. Mimi nilibaki kwa ajili ya shule, na baba alibaki kwa ajili ya Sajini, maana kule bondeni mbung'o walikuwa wengi kupita kwetu. Sijapata tena kuona ukimya kama ule. Milango yote imefungwa kwa kamba, hakuna jogoo, hakuna kinu kinachotwanga. Nilimpikia baba ugali, tukala bila neno, kisha aliinuka kwenda bandani, na mimi nikakaa jikoni nikisikiliza sauti yake ikipita kwenye ukuta wa mianzi. Alikuwa na maneno mengi, kumbe. Nilikuwa na miaka tisa na nilimwonea wivu farasi.

Aliyepita kututazama alikuwa Athumani peke yake, mvuvi ambaye ukoo wake na wetu ni watani, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

"Shemeji, mkeo yuko bondeni na nguruwe," alimwambia baba siku moja. "Huyu uliyebaki naye, mahari yake ulipeleka kwa nani?"

Baba alimpa kiti, akaenda kuchochea moshi.

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mama alitokea, matope hadi magotini. Hakukubali hata kuketi. Nguruwe walikuwa wameingia shambani na kula upande mzima wa mtoni, na yeye peke yake na watoto wadogo hakuweza kuwazuia.

"Baba Thereza," alisema, "mshika mbili moja humponyoka. Uje bondeni, au uniambie watoto watakula nini."

Baba alimtazama Sajini. Sote watatu tulijua kwamba akimwacha, hakuna wa kuwasha moshi.

"Huku atakufa bila mtu," alisema. "Twende naye."

Tuliondoka kukiwa bado na baridi, kabla mbung'o hawajaanza kuruka. Baba alimpaka Sajini mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na majivu, akamfunika blanketi lake mwenyewe. Mimi, shule nimeiacha, nilitangulia na chungu cha moshi. Lakini mwendo wa Sajini ulikuwa wa kizee. Kila kijito alisimama akainusa kwanza njia. Jua lilitukuta katikati ya mbuga. Nzi walikuja. Baba alivua shati akamfunga shingoni, akatembea kifua wazi akipunga tawi kumkinga farasi, na mgongo wake mwenyewe ukavimba kwa kung'atwa.

Mpunga uliobaki uliokoka. Baba alilinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, na Sajini alisimama chini yake katika moshi, uso ameuelekeza kwenye uwanda ule mpana wa majani. Kabla ya mavuno ugonjwa wa mbung'o ulimshika: manyoya yake yalianza kusimama, macho yakatoa machozi, mbavu zikahesabika. Mama, ambaye hakuwahi kumgusa, alimpikia uji wa mchele mpya na kuushika mwenyewe mbele ya pua yake. Aliramba kidogo. Alikufa asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya baba.

Habari ilimfikia Athumani, akaja na jembe. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba. Alituamuru tunyamaze, akapima kaburi, akaanza kuchimba, huku akimwigiza marehemu: anavyonusa kijito, anavyokataa mahindi, anavyongoja aitikiwe marahaba. Baba alicheka hadi akakaa chini, na pale chini kicheko kikageuka kilio. Athumani aliendelea kuchimba, akijifanya haoni.

Sasa nina miaka arobaini na ushei. Nimepanga vyumba Mwanza, Tanga, Mtwara, na majina ya majirani nayasahau kabla sijafungasha. Nilipita Kiberege mwaka jana; mbuga ile imelimwa, na vijana niliowauliza walidhani natania niliposema palikuwa na farasi. Katika nyumba ya wageni ninamoandikia haya, homa ikiwa imenilaza, mhudumu aliniuliza, "Dada, ukizidiwa tumwite nani?" Nilimwambia nitafikiri. Zamani nilidhani baba ndiye mtu mpweke kuliko wote bondeni. Mhudumu bado anangoja jina.