Kompyuta Iliyokuwa na Betri

Mwanzoni mwa 2008, barabara ya kwenda Njoro ilipoanza kupitika tena, kinu cha unga nilichokuwa nikikifanyia kazi mjini Nakuru kilinunua seva. Kompyuta zetu kadhaa zilikuwa zimeporwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, zikaondoka na kila kilichokuwamo. Mmiliki, mzee wa Kihindi aliyerithi kinu hicho kwa babake, sasa alitaka kazi yote ihifadhiwe mahali pamoja, nyuma ya mlango wa chuma.

Niliigawa seva sehemu tatu: ununuzi, malori na hesabu. Kisha nikaanza kuzifungulia kompyuta za ofisini, moja baada ya nyingine. Seva ile haikuuliza jina la mtu wala neno la siri. Ilitambua anwani ya kompyuta tu. Anwani niliyoiandikisha kwenye sehemu fulani ndiyo iliyoweza kuifungua.

Msimamizi wa malori alinijia nikiwa kazini. Hakupunguza sauti.

“Injinia, mashine ya huyo mama usiiweke kwa malori. Watu wake wakijua gari zetu zinapita wapi, zitachomwa.”

Huyo mama, karani wa ununuzi, alikuwa meza ya pili, akisikia kila neno. Miaka mingi walikuwa wamekunywa chai ya birika moja. Tangu duka la ndugu wa msimamizi lichomwe na watu wa kabila la mama, msimamizi hakumsalimu tena. Naye mama, aliyefukuzwa nyumbani kwake mwezi huohuo, yeye pamoja na watoto wake, na watu wa kabila la msimamizi, hakuitafuta salamu yake.

Nilimweleza mmiliki kwamba bila sehemu ya malori mama hangeweza kuagiza gari la kubebea ngano. Akasema mama amwombe msimamizi. Mama aliomba, akaambiwa angoje. Akaomba tena, akajibiwa kwa mgongo. Wakulima wa Njoro walipiga simu kusema wanunuzi wengine wamefika shambani. Hapo mmiliki alimwambia mama mbele yetu sote kwamba ngano ile ikienda kwingine kabla ya mwisho wa wiki, kinu hakitakuwa na haja ya karani wa ununuzi.

Ofisi yetu ilikuwa na desturi yake. Mbali na seva na vifaa vyake, ni kompyuta ya msimamizi pekee iliyokuwa na betri ya akiba ya kuiendesha umeme unapokatika. Stima ikipotea, yeye huinuka, na mwenye kazi ya haraka hukaa mahali pake. Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe, na zamani alipenda kujisifu kwayo.

Ijumaa stima ilipotea. Msimamizi akainuka kwa mazoea, akatoka kwenda kukagua magurudumu uani. Mama akakaa. Seva iliona anwani iliyoijua, ikamfungulia malori. Nilimwona akiandika agizo la Njoro, nikamwacha aendelee. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya shari.

Dereva alipomuuliza msimamizi kuhusu safari ambayo hakuipanga, msimamizi alirudi ndani mbio.

“Toka kwa kiti yangu.”

“Stima haijarudi, mzee.”

“Nimesema toka. Mwizi wewe.”

“Nimeiba nini?” Mama aliinuka polepole, akakisukuma kiti mezani. “Si wewe ndiye ulituambia tukae hapa?”

Kelele zilimtoa mmiliki chumbani mwake. Msimamizi alimtaka alifute agizo. Mmiliki alitazama uani, lori likinguruma, akauliza kama ngano bado ni yetu. Mama akajibu kwamba ni yetu gari likiondoka sasa. Mmiliki akampungia dereva mkono aende, kisha akanigeukia mimi, bila kuwatazama wao.

“Weka mashine ya mama kwa malori.”

Niliiweka stima iliporudi. Mama akabaki na kazi yake.

Wiki iliyofuata stima ilipotea tena. Kioo cha kompyuta ya msimamizi kikazimika pamoja na vingine vyote. Alikuwa ameichomoa betri na kuifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Alikunja mikono, akamkazia mama macho. Mama naye akakunja yake. Wakakaa hivyo, kazi zote mbili zimesimama, mpaka taa zikawaka.

Sasa nimefikia umri aliokuwa nao msimamizi, na nayajua maumivu aliyoyapata duka la nduguye lilipochomwa kuliko nilivyoyajua wakati ule. Bado simpendi. Nilipoacha kazi pale, betri ilikuwa ingali kabatini.