Mkimbiaji Aliyengoja Marahaba

Costancia alijishika kichwa. Mwanawe Danieli alikuwa ameingia uwanja wa Kilosa peke yake, amewaacha wenzake mbali, na utepe ulibaki hatua mia moja tu. Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda kuuwakilisha Mkoa wa Morogoro katika mbio. Halafu, mbele ya benchi la wazee, Danieli akasimama.

"Shikamoo," akamwambia mzee wa kwanza, macho chini. Akangoja. Alipoitikiwa, akahamia kwa wa pili.

Watu wakaangua kicheko. Costancia hakucheka, maana kosa lilikuwa lake.

Tangu utotoni kule Vidunda, Danieli hakumtazama mtu usoni. Alipanga maharage kwa rangi kutwa nzima, na kelele zikimzidi alitimua mbio milimani mpaka jua lizame. Jina la hali yake hakuna aliyelijua. Mwaka 1974 walipohamishiwa kijiji cha ujamaa huko tambarare, Mzee Kornelio, balozi wa nyumba kumi, alilalamika kwamba kijana anawapita wazee kama anapita visiki. Kwa aibu, Costancia alimfundisha kwa fimbo mwaka mzima: usimpite mzee bila shikamoo, wala usiondoke kabla ya marahaba. Danieli akishika jambo, ameshika. Lakini Kornelio hakumsamehe. Akiamkiwa alinyamaza, na Danieli alisimama palepale mpaka mama yake aje kumvuta mkono.

Na leo Kornelio alikuwa amekaa mwisho wa benchi.

"Shikamoo."

Kimya. Mkimbiaji wa pili akaingia uwanjani.

"Shikamoo," Danieli akarudia, jasho likimchuruzika.

Costancia akairuka kamba iliyowazuia watazamaji. "Mzee Kornelio, mwitikie mwanangu! Nakupigia magoti!" Na kweli akayapiga, vumbini, mbele ya umati wote.

Kornelio akapigwa na butwaa. "Marahaba," akasema kwa sauti ndogo. "Marahaba, baba. Kimbia!"

Danieli akachomoka. Akaukata utepe kwa kifua, mwenzake akimhemea kisogoni.

Aliuwakilisha mkoa katika mbio kwa miaka tisa, na kila mara mwalimu wake, Theodory, alihamisha kwanza mabenchi ya wazee. Lakini siku ile hakwenda kuchukua kikombe. Alirudi kwa mama yake, ambaye alikuwa bado amepiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Costancia akajifunika uso kwa kanga, akalia. Danieli akasimama mbele yake, akangoja.