Pumzi ya Kuazima

Niliamka kabla ya mwili wangu. Nilikuwa mwalimu mchanga, nimetoka kuondolewa kidole tumbo katika hospitali moja ya Meru. Nikasikia mvua kwenye mabati, na sauti ikisema, "Bado hapumui." Nikataka kujibu kwamba nipo. Ulimi ukakataa, kope zikakataa. Kifua kilipanda na kushuka bila ruhusa yangu, maana muuguzi alikuwa akikamua mfuko wa mpira wenye kifuniko kilichoziba pua na mdomo wangu. Kila alipobadilisha mkono niliogopa kuwa amechoka nami.

Kisha hofu yenyewe ikachoka, nikaelea. Niliona migomba ya Mitunguu, karibu na kwetu, imesimama ndani ya maji, na mjomba wangu akipita katikati yake, kijana vilevile kama alivyokufa.

Miaka mingi nyuma mjomba alipasuliwa ngiri, asiamke. Nyumbani Kanyakine tuliamini amerogwa na mama jirani, aliyekuwa amegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Tangu hapo hatukumsalimu, hata kanisani. Lakini sisi ni Wakristo, mambo ya uchawi hayatajwi mbele ya wageni. Basi daktari alipomuuliza mama, mimi nikigaagaa kwa maumivu, kama kuna mtu wa ukoo aliyedhuriwa na dawa ya usingizi, mama alijibu, "Hakuna, daktari." Nusura aibu hiyo inizike.

Jioni kidole kimoja kilitikisika. Baadaye nikavuta pumzi yangu mwenyewe, nyembamba, tamu ajabu. Daktari alieleza kwamba damu yangu ina upungufu wa kimeng'enya kinachovunja dawa ya kulegeza misuli. Watu wengine huimaliza kwa dakika, mimi kwa saa nyingi. "Hii kitu inatembea kwa familia," akasema. Mama akaketi chini, akamtaja kaka yake.

Siku niliyotoka hospitalini hatukupitia nyumbani. Mama alikwenda moja kwa moja kwa jirani, nami nikimfuata nimeshika tumbo. Alieleza yote akiwa mlangoni. Yule mama, sasa mzee, aliendelea kumenya ndizi zake.

"Huyu anapumua mwenyewe sasa?" akauliza.

"Anapumua."

"Nilipozika bwana yangu, hakuna mtu wa kwenu alikuja kushika jembe."

Niliona haya hadi machozi yakanitoka. Yule mama akatusogezea kiti kimoja. Mama akanikalisha mimi, yeye akabaki amesimama.