Ukuta wa Mama Rania

Kavetsa aliikubali kazi kabla hata hajamaliza kuelezwa. Kwa miaka sita alikuwa amewabebea mafundi wengine mchanga na maji, akiwachanganyia simiti na kuwakosoa kimoyomoyo, maana nani angemsikiliza? Sasa Zeinabu, ambaye mtaa mzima wa Makina, huku Kibera, humwita Mama Rania, alikuwa amempa ukuta wake mwenyewe: upande wa mbele wa nyumba, ubandikwe mazera, yale mawe bapa ya urembo, kutoka chini hadi kwenye paa kabla ya Jumamosi, siku ya harusi ya Rania. Ukitoka vizuri, Kibera ingejua kuna fundi mwanamke. Ukiharibika, ingejua pia, tena upesi zaidi.

Wiki hiyo manyunyu hayakukatika. Kila asubuhi alitembea kutoka kwake Kawangware, akaukwaruza ukuta ili simiti ishike, akapanga mawe, na kila jiwe akaligonga kwa mpini wa mwiko asikie kama limejaa simiti nyuma. Yote yalijaa. Yalikuwa yamelowa chapachapa, yote ya rangi moja ya kahawia iliyokolea, na Jumatano jioni, ukuta ukiwa umekamilika, alirudi nyumbani akiimba njia nzima.

Alhamisi jua likatoka. Mazera ikilowa huficha rangi yake, na Kavetsa alilijua hilo vizuri. Ni furaha tu iliyomziba macho. Juu ya mlango mawe kumi na moja yalikuwa yamekauka yakawa ya manjano, yamekaa pamoja kama kiraka kwenye suruali. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Angeweza kunyamaza. Alimwita mwenye nyumba.

"Mama Rania, hebu angalia juu ya mlango."

Zeinabu alikaza macho. "Naona. Lakini watu wanakuja kuona bibi harusi, hawaji kuona ukuta."

"Mimi nitauona kila nikipita hapa. Niliyapanga yakiwa yamelowa, hilo ni kosa langu. Wacha niyatoe."

"Na ukiharibu? Harusi ni keshokutwa, Kavetsa. Heri kiraka kuliko shimo."

"Sitaharibu," alisema Kavetsa, ingawa hakuwa na hakika hata kidogo.

Akapanda ngazi na patasi. Simiti ilikuwa bado changa, ikakubali. Jiwe la saba lilipasuka mkononi mwake, na huko chini Zeinabu akamtaja Mungu. Lakini hakuondoka. Akilalamika bila kupumzika, aliyatandaza juani mawe ambayo hayakuwa yametumika, akayageuza kama anayeanika mahindi, na yaliyokauka yakiwa ya kahawia akampa fundi mojamoja. Adhana ya alasiri ilipolia, la mwisho lilikuwa limekaa.

Ijumaa mchana ukuta ulikuwa umekauka wote. Zeinabu alisimama barabarani akitafuta kiraka kilikuwa wapi, akakikosa.

Jumamosi watu walimwangalia bibi harusi, wakaangalia na sufuria za pilau. Ukuta haukutajwa na mtu. Kavetsa, ndani ya rinda lake jipya, alipewa sahani iliyojaa. Akavuta kiti, akaupa ukuta mgongo, na mpaka anamaliza kula hakugeuka hata mara moja.