Tyubu ya Lori Kwenye Bwawa la Klabu

Leo nimenyimwa kazi kwa sababu nimezuia bwawa la kuogelea la Wazungu lisivuje.

Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Wosha sita, vile vipete vya mpira vya kuzibia maungio, za chujio la bwawa zilikuwa zimeoza. Za Uingereza ni shilingi tisa kila moja, yaani hamsini na nne, na meli ni miezi mitatu.

Nikaenda dukani kwa Bwana Haji, nikanunua tyubu ya lori iliyopasuka kwa shilingi mbili. Nikakata wosha sita. Halikudondoka hata tone!

Katibu wa klabu, aliyeniahidi kazi ya pampu zote nikifaulu, akanipa mkono.

“Umezipata wapi?”

“Nimezikata mwenyewe, bwana, kwenye tyubu ya lori.”

Akaufuta ule mkono kwenye suruali.

“Toa. Rudisha za zamani.”

“Za zamani zinavuja, bwana.”

“Lakini ni za Uingereza.”

Nikazirudisha. Kazi ya pampu ndiyo basi tena. Langoni askari akanicheka: “Fundi, ungesema zimetoka Ulaya ungekufa?”

Jamani, nyie mngedanganya? Semeni, maana maji yanamwagika uani kwa klabu tangu saa nne, na mke wangu bado yuko foleni ya bombani na ndoo moja.